Folda Yenye Nukta Mbele

Shangazi yangu amenifukuza kazi mara tatu, na mara zote tatu amenirudisha kabla ya chai ya saa kumi. Mara mbili za kwanza nilionewa. Hii ya tatu nilistahili, na lau ningekuwa mimi mwenye duka ningejifukuza mwenyewe na kujitupia viatu vyangu nje.

Duka lenyewe liko Garsen, nyuma kidogo ya barabara ya lami, kati ya fundi wa pikipiki na mama anayekaanga samaki. Tunapiga picha za pasipoti, tunatoa nakala, tunawajazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta ni moja. Shangazi aliinunua imeshatumika, ikajaa virusi mpaka ikawa inajizima yenyewe, ndipo nikaifuta yote na kuiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Hilo hajanisamehe, kwa sababu mchezo wake wa karata ulipotelea humo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo Malindi na cheti mkononi na kichwa kimevimba. Tulifundishwa lugha ya C na mwalimu mmoja mfupi aliyekuwa akifuta ubao kwa kiganja, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni kutufundisha jinsi programu inavyofungua folda. Ni hatua tatu tu, alisema. Unaita opendir, folda inafunguka. Unaita readdir, inakupa jina la kitu kimoja kilichomo, unaita tena inakupa la pili, mpaka yaishe. Kisha unaita closedir, unafunga. Nilirudi nyumbani Idsowe nikawatangazia watu kwamba naweza kuiamuru kompyuta ifanye lolote. Baba akaniuliza kama inaweza kufukuza nyani shambani. Nikasema bado.

Sasa nieleze ukorofi wangu, maana ndio shina la mambo yote.

Kwetu huku mtu ana majina ya kwenye kitambulisho, na ana jina analojulikana nalo. Haya mawili hayakutani. Asubuhi moja nilihudumia wafugaji wanne wa Kiorma wenye majina matatu yale yale, tofauti ni mpangilio tu. Mchana wakaja Wapokomo wenzangu, wote wamebatizwa kutoka ukurasa mmoja wa Biblia. Nikiweka folda kwa majina ya kitambulisho nitampa huyu karatasi za yule. Kwa hiyo niliandika kile nilichokiona. Kulikuwa na Mzee Soksi Moja. Kulikuwa na Mama Usipige Kwanza, ambaye kila nikiinua kamera alikuwa bado anajitengeneza mtandio. Kulikuwa na Bwana Nina Haraka, aliyekuja mbio saa mbili na saa sita bado yuko kwenye benchi letu akisimulia safari zake. Sikuwahi kupoteza karatasi ya mtu, na shangazi akanisifu mbele za watu kwamba nina utaratibu.

Taabu ilianzia kwenye printa. Karatasi za wateja zilikuwa zikichanganyika, basi shangazi akaamuru kila karatasi inayotoka iwe na jina la folda yake pembeni, kwa herufi ndogo, ili tujue ni ya nani. Nikaitega printa hivyo. Nilisahau jambo moja tu. Wiki haikuisha, Bwana Nina Haraka akapeleka barua yake ofisini kwa wakubwa, kurasa tatu, na kila ukurasa umeandikwa pembeni BWANA NINA HARAKA. Alirudi na barua ile ameishika kwa vidole viwili. Ajabu ni kwamba siku hiyo kweli alikuwa na haraka.

Shangazi aliniweka mbele ya kompyuta akaniambia nifute majina yote ya upuuzi, leo, sasa hivi, naye akiwa amesimama pale. Nikasema ndiyo shangazi. Nikapiga piga vidole kwenye kiboodi, nikayakusanya yote, mamia, nikayatia ndani ya folda moja niliyoiita pilipili, na mbele ya jina hilo nikaweka nukta. Kwenye Linux, kitu ambacho jina lake linaanza na nukta hakionekani. Kipo, ila hakijitokezi mpaka ukiulizie. Shangazi akatazama kioo, akaona pametakata, akamshukuru Mungu. Mimi nami nikamshukuru, kila mtu kwa sababu yake. Tangu siku hiyo folda mpya niliziandika kwa majina ya kitambulisho, na karatasi za watu zikaanza kuchanganyika.

Miaka miwili ikapita. Mto Tana ukafurika, maji yakaingia mjini mpaka kwenye kizingiti chetu na kupanda juu ya kaunta. Fundi wa pikipiki aliibeba kompyuta kichwani akavuka nayo hadi kwenye kilima, na alipoirudisha ilikuwa inawaka lakini haitaki tena kuonyesha picha yoyote. Ilitoa kioo cheusi chenye herufi nyeupe basi. Shangazi alisema imekufa. Mimi nilifurahi, kwa sababu hapo hakuna mwingine aliyeweza kuigusa.

Walikuja siku ya Jumanne mchana, mama na binti yake, wafugaji. Mama alikuwa mrefu, kajifunika mtandio wa kijani, anaongea Kiswahili kidogo kidogo na akikosa neno anamtazama bintiye. Binti alikuwa wa miaka kumi na tisa hivi, na alikuwa ameshika bahasha ya plastiki kifuani kama anayeogopa itaruka. Alieleza bila kupoteza neno. Ameitwa kusomea uuguzi, barua anayo. Chuo hakimpokei bila kitambulisho. Kesho yake, Jumatano, kamati ya uhakiki ilikuwa inakaa ukumbini mara ya mwisho kabla ya chuo kufunguliwa, na inamaliza saa sita. Kamati inataka karatasi ya kitambulisho cha baba, na wazee wanaokaa pale waseme wanamjua. Baba alikuwa amefariki. Kitambulisho chake kilikuwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilichukuliwa na mto.

"Alikuja hapa," binti akaniambia. "Miaka miwili iliyopita, kabla ya mvua za masika. Alisema nakala nyingine ameiacha kwa msichana wa mashine. Nadhani msichana ni wewe, dada."

Nikamuuliza jina la baba, akanitajia matatu, na kusema kweli hayakuniambia kitu. Nilikuwa na folda kumi na moja za majina hayo. Mama akasogea karibu na kaunta, akasema taratibu kwamba yeye hataki kitu kingine, anataka karatasi ya baba wa mtoto tu.

Basi nikajifunga kibwebwe. Najua kuna amri iliyo tayari ndani ya Linux ya kutafuta mafaili, na wajuaji watakaosoma hapa wameshaanza kutikisa vichwa. Tulieni. Nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi, shangazi nyuma yangu, na cheti ukutani ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kinafanya kazi gani. Nilitaka kuipika programu yangu mwenyewe. Ingeanza mahali pa juu kabisa, ifungue kila folda na kuliandika jina lake kwenye kioo, isome kilichomo, ikikuta folda nyingine iingie humo nayo, na ikikuta picha iliyoingizwa katika miezi ile ya kabla ya masika iniandikie ilipo. Nikaandika dakika ishirini, huku nikiwaeleza watu wa benchi kila hatua bila wao kuniuliza.

Nikaibonyeza. Kioo kikajaa. Mwanzo nilitabasamu, kisha nikaona inachoandika ni nukta, kistari cha mshazari, nukta, kistari, nukta, mstari mrefu zaidi ya mstari uliotangulia, mpaka herufi zikawa zinakimbia juu kama mchwa. Kisha programu ikakatika yenyewe, kimya. Mzee mmoja wa benchi akainuka akaenda kukaa nje. Shangazi akaniuliza kama ndiyo hiyo niliyosomea Malindi miaka miwili kwa karo yake.

Nilijua kosa langu papo hapo, na niliona haya, kwa sababu mwalimu alitukaripia kwalo mara mia. Kila folda unayoifungua ina vitu viwili ambavyo hakuna aliyeviweka. Kimoja kinaitwa nukta, maana yake ni hapa hapa. Kingine kinaitwa nukta mbili, maana yake ni kule ulikotoka. Programu yangu ilifungua folda, ikauliza kuna nini humu, ikaambiwa kwanza kuna hapa hapa. Ikaingia hapa hapa. Ikauliza tena, ikaambiwa tena. Ni sawa na kumtuma mtu asiyekijua kijiji cha Wenje akaanze kuhesabu nyumba, na kila akibisha hodi kwenye ile ya kwanza anaelekezwa kwenye nyumba hiyo hiyo. Tena kwa kuwa programu ilikuwa haijamaliza haikufunga hata folda moja, na mashine ina kikomo cha milango inayoweza kuiacha wazi. Ilipofika kikomo ikagoma, na mimi sikuwa nimeiambia ifanye nini ikigomewa. Shangazi anawapigia kelele watu kutwa nzima wafunge mlango mbuzi wasiingie, nami nikaacha wazi elfu moja kwa mpigo.

Kutengeneza ni rahisi, na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nasikia joto masikioni.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, uiambie programu iruke majina mawili tu, nukta na nukta mbili, basi. Ya pili, uiambie iruke kila jina linaloanza na nukta. Ya pili ni fupi, unatazama herufi moja tu ukaenda zako. Nimewahi kumwambia mtu kwamba niliichagua kwa uvivu. Uongo. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, pumzi yake naisikia, na mimi nilikuwa najua ni nini kingine humo ndani kinachoanza na nukta. Programu ingeingia kwenye pilipili na kuimwaga yote kwenye kioo, mbele ya mwenye duka aliyeambiwa imefutwa. Nikajisemea kwamba baba wa watu, mtu mzima mwenye adabu zake, hawezi kuwa kwenye takataka zangu. Nikaandika iruke.

Mara hii ilikwenda vizuri mno. Ilifungua, ikasoma, ikafunga, ikamaliza, na haikupata kitu. Zile folda kumi na moja zote zilikuwa za miezi mingine. Nikaigeukia kaunta nikasema haimo. Niliyatamka maneno hayo na uso mkavu, na binti akaitikia kwa kichwa, akarudisha barua yake ndani ya bahasha ya plastiki, akaikunja mdomo mara mbili. Alinishukuru. Hiyo shukrani ndiyo iliyonimaliza. Mama aliuliza neno kwa Kiorma, binti akamjibu neno moja, wakatoka. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Jioni ile kwetu palipikwa wali na samaki wa kupaka, na mimi kwa samaki sisemeki. Sikula. Mama yangu alinishika paji la uso akaniuliza kama ni malaria. Nilikuwa nimekasirika, nikamkasirikia mto, nikaikasirikia kamati, nikamkasirikia marehemu kwa kutoziweka karatasi zake pahali pa juu, na nilipomaliza watu wote nikabaki na mimi.

Asubuhi nilifika dukani kabla ya shangazi, jambo ambalo peke yake lilimtia wasiwasi. Nilimwambia kabla hajaweka mkoba chini. Nilimwambia yote, pilipili, nukta, na ile njia fupi. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo cheusi, akasema, "Fungua."

Nikarekebisha ule mstari mmoja, iruke mawili tu. Nikabonyeza. Yakaanza kumiminika. Shangazi alikuwa akiyasoma kwa sauti moja moja, na nusu ya hao wateja ni watu anaokaa nao kanisani. Alipofika kwa Mzee Soksi Moja midomo ikaanza kumcheza. Kwa Mama Usipige Kwanza alilazimika kuvua miwani. Nilikuwa karibu kupumua pale alipokuta folda ya karatasi za leseni ya duka, barua za mwenye nyumba na picha zake mwenyewe za pasipoti, nayo imeandikwa Mkutano wa Hadhara. Akauliza huyo ni nani. Akaufikiria kwa sauti yake ile inayosikika mpaka kwa muuza samaki, na fundi wa pikipiki kule nje akaangua kicheko. Hapo nikafukuzwa kazi.

"Lakini kwanza maliza kutafuta," akasema.

Katika pilipili yote, picha za miezi ile zilikuwa nne. Tatu zilikuwa kwenye folda za harusi. Ya nne ilikuwa kitambulisho, ndani ya folda iliyoitwa Kesho Asubuhi.

Nilimkumbuka pale pale, mtu mzima mzima akanirudia na fimbo yake begani. Alikuwa mpole, mwenye ucheshi, ndevu zimepakwa hina, na hakuna jambo lolote duniani lililokuwa la leo kwake. Nilimwambia asahihishe fomu yake, akasema kesho asubuhi. Mwenzake akampitia dukani akamkumbusha dawa ya ng'ombe, akasema kesho asubuhi. Nilimtolea nakala mbili akachukua moja, nikamwambia na hii nyingine mzee, akaniangalia kwa huruma kana kwamba mimi ndiye mwenye pupa. Hakurudi. Picha yake nikaiacha kwenye mashine.

Printa ilikuwa na wino wa kukwangua. Karatasi ikatoka hafifu, uso wa kijana wa miaka ishirini na kitu asiye na ndevu, nusu yake kivuli, lakini majina matatu yanasomeka na ndiyo yale. Na pembeni, nyeusi tii, kwa sababu niliitega mwenyewe na nikasahau tena kuitegua: KESHO ASUBUHI.

Nilibonyeza mara ya pili bila maandishi hayo. Ikatoka karatasi nyeupe. Wino umekwisha, na wa kuuza ulikuwa Malindi. Nikachukua mkasi nikate pembe, shangazi akanipiga kofi la mkono. Karatasi iliyokatwa pembe, alisema, wazee wataiona ya kughushi, na mtoto wa watu atarudishwa kwa sababu ya aibu yako.

Na mtoto wa watu alikuwa mlangoni. Hakuitwa na mtu, na simu hana kwa kuwa laini haisajiliwi bila kitambulisho. Walikuwa wanapita kwenda ukumbini mikono mitupu, akataka kuuliza mara ya mwisho. Nikampa karatasi. Aliutazama uso, akayatazama majina, kisha macho yakaenda pembeni yakakaa hapo. Nilimwomba radhi, maneno yakitoka shaghalabaghala. Hakuonekana ananisikia.

"Ni yeye," akasema.

Shangazi akaniambia nikawasindikize, na wazee wakiuliza maandishi yale ni ya nani nisimame nijibu kwa mdomo wangu ule ule unaotoa majina. Nikaenda. Kutoka dukani hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi, na mimi niliutembea kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dawa.

Ndani kulikuwa na afisa mwenye daftari mezani, na kando yake wazee watano kwenye viti vya plastiki. Zamu yao ilipofika afisa aliisoma namba, akaridhika, akaisukuma karatasi kwa wazee. Yeye alitaka namba. Wazee walitaka mtu. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Wa kwanza akasema majina haya yeye anawajua watatu, wawili kati yao hawaaminiki. Wa pili akasema uso huu ni wa mtoto. Wakamuuliza mama anatoka wapi, akasema upande wa Wenje, wamehamia huku baada ya maji. Wakatazamana, kwa sababu wa Wenje hawamjui. Marehemu alikuwa akishuka na ng'ombe sokoni Garsen peke yake, mke na watoto walibaki juu, huko Wenje. Afisa akatazama saa. Nilimwona binti akiikaza bahasha yake, na nikajua kwamba karatasi tumeipata na bado haitoshi.

Mzee wa mwisho alikuwa mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliiweka karatasi karibu na pua, akaigeuza ubavu, akasoma pole pole kama anayeonja kitu.

"Nani ameandika hapa Kesho Asubuhi?"

Nikasimama. Nikasema ni mimi, mzee, na kwamba ni utovu wa adabu wangu tu, mtoto hana kosa. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikasema ni Mpokomo wa Idsowe. Akasema ndiyo maana.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kiorma, na kabla hajamaliza wa kwanza alikuwa ameshapiga paja. Yule marehemu, akasema huyo wa kwanza kwa Kiswahili ili afisa asikie, waliahidiana kucheza bao kesho asubuhi, na bao lile halijachezwa mpaka leo. Wa pili akasema alimngoja kwenda kuchimba kisima. Wa tatu alimngoja siku mbili kisimani hapo hapo, akidhani wa pili yupo. Walikuwa wanasema kwa pamoja, kila mmoja na asubuhi yake, hata yule aliyesema uso ni wa mtoto sasa aliyaona masikio kuwa ndiyo yenyewe. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio wa kijani. Anacheka, nikadhani. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote mawili kwa wakati mmoja.

Mzee wa miwani akangoja watulie. Akamtazama binti.

"Na wewe? Mbona hakukuleta mwenyewe kuchukua kitambulisho, ulipotimiza umri?"

"Nilimwomba," binti akasema. "Nilimwomba mwaka mzima."

"Akakuambia nini?"

Binti alishusha macho kwenye karatasi. "Kesho asubuhi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa miwani aliomba kalamu, akatia sahihi, akampa wa jirani, karatasi ikapita viti vyote vitano. Afisa akagonga muhuri saa sita kasoro. Nilitoka nje mbele yao kwa sababu nilikuwa nalia kama mjinga, na mimi sipendi watu wanione.

Nilirudi dukani kuchukua sandali zangu. Shangazi alikuwa ameshaninunulia samaki. Aliniambia nikae nisimulie, kisha nirudishe majina yale mahali pake, yote, yatoke kwenye nukta, isipokuwa moja. Ninalijua lipi. Nililibadilisha siku hiyo hiyo, na sitawaambia nililibadilisha kuwa nini, kwa sababu anasoma ninachoandika siku hizi.

Binti alikuja tena baada ya majuma kadhaa na kitambulisho kipya, bado kina joto la mfukoni. Alitaka nakala mbili, moja ya kwenda nayo na moja ibaki kwangu. Nilimuuliza niiweke kwa jina gani, akasema iwe ndani ya folda ya baba yake. Nikaiweka humo. Nilipokuwa nampa karatasi nikamuuliza anaondoka lini kwenda chuoni.

"Kesho asubuhi," akasema, na tukatazamana.

Alfajiri nilipanda pikipiki ya fundi mpaka stendi, kuhakikisha. Basi lilikuwa limeshaondoka. Mama yake alikuwa bado amesimama pale na mtandio wake wa kijani, anaitazama barabara, na aliponiona akanishika mkono akaniambia amekwenda.